Presha yako ikisoma 120/80 ukiwa kwenye dawa, hujapona: yaliyompata mama

#1 Mtoto wa Kihonda
Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu, mnivumilie, bado nina uchungu.

Mama yangu ana miaka 63. Presha aligundulika nayo 2016 alipokwenda kutafuta miwani ya kusomea daftari la kwaya. Hakuwa anaumwa kichwa wala kusikia kizunguzungu. Daktari wa macho alipochungulia ndani ya jicho akaona vimishipa vya damu vimebadilika, akasema huyu apimwe presha leo leo. Ikasoma 178/104. Wiki iliyofuata 172/100. Akaanzishiwa dawa.

Baada ya miezi michache kliniki ikawa inasoma 128/80, 126/78. Nyumba nzima tukafurahi. Mwenzake mmoja wa jumuiya akamwambia, "Dada, wewe si umeshapona, hizo dawa zitakumaliza figo." Mama akaacha kimyakimya. Kila mwezi alikwenda kuzichukua ili tusiulize, akifika anaziweka kwenye kopo juu ya kabati.

Alfajiri moja mwaka jana alikuwa anakunywa chai. Kikombe kikamponyoka mkono wa kulia. Akataka kukiokota kwa kushoto, akaniita, jina langu likatoka kama la mtu mwenye maji mdomoni. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Majirani wakajaa. Huyu anasema apewe kitunguu saumu atafune, yule anatafuta kidonge cha kuweka chini ya ulimi presha ishuke. Tukapoteza karibu saa nzima. Tulipofika hospitali mashine ilisoma 214/126. Kiharusi.

Jioni nilirudi nyumbani kumchukulia khanga, nikalishusha lile kopo. Pakiti kumi na moja. Hata moja haijafunguliwa.

Sasa anaongea, anatembea na mkongojo, mkono bado mzito. Ile 126/78 tuliyoishangilia ilikuwa kazi ya dawa, na dawa ilipoondoka nayo ikaondoka. Nimeleta uzi huu mtu mwingine asije akalishusha kopo kama lile. Wataalamu na wagonjwa wenzetu, shusheni nondo.

#2 Tabata Moja
Pole sana mkuu, mfikishie Bi Mkubwa pole zetu. Naweka kambi hapa.

Nina swali langu. Nina miaka 34. Juzi nimeshuka kwenye daladala, nikapima duka la dawa pale kituoni, ikasoma 148/94. Marehemu baba naye alikuwa na presha. Je, ndiyo tayari? Nianze dawa?

#3 Muuguzi wa Zamu
Mtoto wa Kihonda, pole. Niko kliniki ya presha na sukari mwaka wa tisa huu, na makopo kama la mama yako nimeletewa mengi.

Tabata Moja, kipimo kimoja baada ya kuning'inia kwenye daladala hakitoshi kumpa mtu ugonjwa wa maisha. Tunasema mtu ana presha kama namba ya juu imefika 140 au zaidi, au ya chini imefika 90 au zaidi, katika siku mbili tofauti. Moja tu ikivuka inatosha, si lazima zote mbili. Wamarekani tangu 2017 wanaanzia 130/80, ila Shirika la Afya Duniani limebaki na 140/90 na sisi huku tunafuata hiyo. Asiyengojewa siku ya pili ni yule anayekutwa na 180/110 kwenda juu na tayari ana dalili za kuathirika moyo, figo au mishipa.

Sasa kuhusu kupima kwenyewe. Hapa ndipo tunapokosea sana, sisi watoa huduma tukiwemo. Mama anafika amepanda ngazi, mkoba begani. Mkanda unafungwa juu ya sweta. Mkono unaning'inia, miguu imepishana, mkojo umembana tangu stendi, na mpimaji anamwuliza "watoto hawajambo?" huku mashine inajaza upepo. Kila kimoja hapo kinapandisha namba. Vikikusanyika, mtu mzima anaondoka na presha isiyo yake.

Inavyotakiwa: nenda haja ndogo kwanza. Nusu saa kabla usinywe chai wala kahawa, usivute sigara. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, mkono wazi umelala mezani usawa wa moyo. Usiongee. Pima, ngoja dakika moja, pima tena. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha endelea na ule uliosoma juu zaidi. Mwenye mkono mnene atafute mkanda mpana, maana mkanda mdogo unadanganya kwenda juu. Na mkinunua mashine, nunueni ya kufunga mkono wa juu. Zile za kifundo cha mkono hukosea kirahisi.

Nenda kaazime mashine ya dijitali. Pima siku saba, asubuhi kabla ya chai na jioni, mara mbili kila safari, andika zote. Siku ya kwanza itupe, nyingine zote tafuta wastani. Nyumbani mpaka wetu ni 135/85 kwa sababu mtu ametulia. Kuna ambao presha inawapanda wakiona tu koti jeupe, na wapo wa kinyume chake, hospitali nzuri ila nyumbani na kazini iko juu. Hao wa pili ndio wananitisha, maana hakuna anayewatafuta.

#4 Babu wa Pangani
Poleni wajukuu. Mimi nina miaka 71, presha ninayo tangu enzi za redio ya mbao. Natumia kitunguu saumu punje mbili asubuhi na juisi ya rozela isiyo na sukari. Sijaanguka. Dawa za hospitali nilikunywa miezi miwili nikaacha, zilinivimbisha miguu. Msidharau vya asili.

#5 Muuguzi wa Zamu
Shikamoo babu. Sidharau. Rozela imefanyiwa tafiti ndogo na imeonekana kushusha presha kidogo. Mtu mwenye 170 akishuka kidogo bado yuko kwenye hatari. Inywe babu, lakini ikae pembeni ya dawa, isichukue nafasi yake.

Na hiyo miguu naomba uniruhusu niiseme. Inaelekea ulipewa amlodipini. Ndivyo inavyofanya kwa baadhi ya watu, vifundo vinavimba jioni, hasa dozi ikiwa kubwa. Maana yake si kwamba figo zimekufa. Daktari hupunguza dozi, huongeza dawa ya kundi lingine au hubadilisha kabisa. Kosa letu ni kwamba hakuna aliyekwambia kabla. Babu, kwa heshima zote, mara ya mwisho kupima ilisomaje?

#6 Babu wa Pangani
Marahaba mwanangu. Sijapima tangu msiba wa mke wangu. Kijana wangu ana mashine, nitamwita.

#7 Mama Ntilie wa Ubungo
Mimi si daktari, napika. Ngoja niseme la chumvi, maana nalijua kwa mikono yangu.

Wateja wengi wananiambia "mimi chumvi sili mama, nimekatazwa," halafu anaagiza chipsi, ananyunyizia chumvi ya kopo bila kuangalia, anamalizia na tomato sosi. Mwingine anakula ugali na dagaa wa kukaangwa. Wale dagaa wakinifikia wengine wameshatiwa chumvi ya kutosha huko walikokaushwa, na mpishi asiyewaloweka akamwaga maji anaongeza juu yake. Bado kale kakiungo ka vipande ka supu, ambako sehemu kubwa ni chumvi. Bado mkate wa asubuhi. Chumvi nyingi ya mtu wa mjini haionekani kwenye kijiko chake.

Nilipoambiwa kliniki mwisho ni kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, yaani gramu 5, vyakula vyote pamoja, nilirudi nikapima ninayotia kwenye sufuria ya maharage ya watu ishirini. Nilikaa chini. Sasa nimepunguza nusu, natia ndimu, kitunguu kingi, tangawizi, pilipili hoho. Wiki mbili za mwanzo walilalamika. Siku hizi nikizidisha wao ndio wanaoniambia.

#8 Tabata Moja
Nimerudi, wiki imeisha. Nimeazima mashine kwa shemeji. Ukitoa siku ya kwanza, wastani wangu ni 142/91. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, kuna siku ilisoma 149/96 nimekaa kimya kabisa kitandani. Nina kilo 96, na kusema ukweli kitambi kipo. Nimeogopa.

#9 Muuguzi wa Zamu
Umeipata mapema, hilo ni jambo jema. Wengi huipata kama alivyoipata mama wa mwenye uzi, kupitia jicho, au wanaipata wakiwa wodini. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za 2019, watu wazima wa miaka 30 hadi 79 wenye presha duniani walikuwa karibu bilioni 1.3, na karibu nusu yao hawakujua kuwa wanayo. Aliyeidhibiti alikuwa mmoja kati ya watano.

Nenda kwa daktari na hiyo karatasi. Mwombe vipimo hivi: mkojo kuangalia protini, damu kuangalia figo na potasiamu, sukari, mafuta, na kipimo cha umeme wa moyo. Kwa umri wako atakuuliza mengi zaidi, kwa sababu presha ya kijana wakati mwingine ina chanzo chake, mfano figo, mshipa wa figo ulioziba, au tezi zinazokaa juu ya figo. Chanzo kikipatikana, wengine wanatibiwa na presha inaisha kweli. Ila wagonjwa wetu walio wengi hawana chanzo kimoja cha kuonyesha kwa kidole. Ni ukoo, umri, chumvi, uzito, pombe, vyote vimechangia.

Vipimo vikiwa safi, daktari anaweza kukupa miezi michache upunguze uzito na chumvi kwanza, au akakuanzishia kidonge palepale. Vyote vinakubalika. Kisichokubalika ni kuondoka bila tarehe ya kurudi. Kila kilo moja unayopunguza hushusha presha kama pointi moja hivi. Kwa hiyo kilo kumi si mchezo, zinakaribia kazi ya kidonge kimoja.

#10 Dereva wa Tunduma
Niongezee langu, nadhani litamfaa mtu. Nilikuwa kwenye dawa tatu na presha inagoma, 160 na kitu kila nikienda. Nikabadilishiwa, nikaongezewa, wapi. Daktari wa tatu, dada mmoja mdogo sana, aliweka kalamu chini akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza.

La kwanza: vidonge unavimeza kila siku? Nikasema ukweli. Kile cha kukojoza nilikuwa nakiacha siku za safari, maana huwezi kusimamisha lori kila kilomita ishirini. Na safari kwangu ni siku tano kwa wiki.

La pili: mgongo hukuumi? Unaniuma miaka yote. Unatumia nini? Diklofenaki, nikiamka na nikilala, nanunua mwenyewe. Akatikisa kichwa. Kumbe dawa zile za maumivu, na ibuprofeni nayo, zinazuia chumvi na maji mwilini, zinapandisha presha na kuziharibia dawa za presha kazi. Halafu ukizichanganya na kidonge cha kukojoza pamoja na losatani, dawa yangu nyingine ya presha, ndiyo unazipiga figo hasa. Miaka minne nilikuwa najaza tenki huku nimetoboa chini.

La tatu alimwuliza mke wangu: anakoroma? Mke wangu akacheka, akasema anakoroma, halafu anakata pumzi, halafu anashtuka. Hilo nalo lina jina lake na linapandisha presha.

Kidonge cha kukojoza sasa nakunywa nikifika, si nikitoka. Diklofenaki nimeacha, natumia parasetamoli na mazoezi ya mgongo niliyofundishwa. Miezi minne sasa niko 134, 136. Dawa ni zilezile.

#11 Kijana wa Likoni
Asalaam aleikum wote. Mimi niko Mombasa. Nilipewa enalaprili, nikashikwa na kikohozi kikavu, usiku silali. Nimepigwa eksirei ya kifua, nimepimwa TB, nimekunywa dawa za kikohozi chupa tatu. Hakuna kitu. Je, yaweza kuwa ni hii dawa ya presha?

#12 Muuguzi wa Zamu
Waaleikum salaam. Yaweza kabisa. Enalaprili, lisinoprili, kaptoprili, zote zinaishia hivyo na zote ni ndugu. Kikohozi chake hakina makohozi, na kinaisha baada ya dawa kuachwa, kwa wengine huchukua wiki kadhaa. Mweleze daktari, kwa kawaida hubadilishia losatani. Usiache kabla hujapata mbadala. Na usije ukatumia zote mbili pamoja. Ila midomo au ulimi ukianza kuvimba, usingoje kliniki: acha dawa na ukimbilie dharura saa ileile. Ni nadra, lakini sisi watu weusi hutupata zaidi kuliko wengine.

Kuna jambo hapa ningependa wengi walijue. Miili yetu kwa wastani huitikia vizuri zaidi amlodipini na vidonge vya kukojoza kuliko hilo kundi la enalaprili likiwa peke yake. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya utafiti uliofanywa nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Waliopewa dawa mbili ambazo mojawapo ni amlodipini walishuka vizuri kuliko waliopewa perindoprili (ndugu wa enalaprili) na cha kukojoza bila amlodipini. Kwa hiyo ukianzishiwa vidonge viwili kwa pamoja usidhani daktari amekata tamaa. Viwili kwa dozi ndogo mara nyingi hushusha vizuri na kuudhi kidogo kuliko kimoja kwa dozi kubwa.

Kwa akina mama: unayetumia losatani au kundi la enalaprili ukipata ujauzito, au hata ukipanga kupata, nenda kabla. Dawa hizo zinamdhuru mtoto tumboni. Zipo za mjamzito, methildopa kwa mfano.

#13 Msomaji Mkimya
Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Naomba msinicheke. Nina miaka 45, nimeacha dawa kwa sababu ya mambo ya chumbani. Tangu nianze atenololi sijiwezi. Ndoa inayumba. Ndiyo maana wanaume wengi tunaacha, ila hakuna anayesema.

#14 Muuguzi wa Zamu
Hakuna wa kukucheka kaka. Umesema jambo ambalo wanaume kumi wamelisoma na kunyamaza.

Atenololi inaweza kuleta hilo, na vidonge vya kukojoza kwa wengine pia. Losatani na amlodipini kwa kawaida hazina shida hiyo. Lakini presha yenyewe isipotibiwa, na sukari, na sigara, huharibu mishipa midogo, na ya huko ni midogo sana. Ukiacha dawa unazidisha kile unachokikimbia. Halafu atenololi haiachwi ghafla, moyo unaweza kwenda mbio au kifua kubana. Rudi wiki hii, omba kuonana na daktari peke yako, sema sentensi moja tu: "Dawa hii inaniathiri kitandani, naomba nyingine." Atakuelewa. Na tafadhali usinunue vile vidonge vya kuongeza nguvu mtaani kabla hajakuangalia, hasa kama una dawa ya kifua ya kuweka chini ya ulimi. Vikikutana presha inaporomoka mpaka mtu anapoteza fahamu.

#15 Mwalimu wa Historia
Niongeze kidogo. Rais Roosevelt wa Marekani alipimwa Machi 1944 akakutwa 186/108. Alikuwa na madaktari wa kila aina, ila dawa za kushusha presha kama hizi hazikuwepo. Aprili 12, 1945 alishika kisogo akalalamika kichwa kinamuuma sana, akapoteza fahamu. Alipopimwa ilikuwa 300/190. Alifia hapohapo nyumbani, damu imevujia kwenye ubongo. Leo mzee wa kijijini anapewa pakiti ambayo rais yule hakuweza kuipata.

#16 Tabata Moja
Swali la mwisho kwa dada muuguzi. Pale kwa mama wa mwenye uzi, ile saa moja iliyopotea, walitakiwa wafanye nini?

#17 Muuguzi wa Zamu
Mdomo ukipinda, mkono ukiregea, maneno yakikorogeka, hata kama ni kimojawapo, tafuta gari. Tazama saa, ukumbuke alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi, wodini wataulizia hilo kabla ya jina lake. Kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha, ila ni ndani ya saa nne na nusu tu, na ni mpaka picha ya kichwa ionyeshe si cha kuvuja damu. Usimpe chakula, maji wala kitunguu, koo linaweza kuwa limepooza, kikaingia kwenye mapafu. Usimpe kidonge cha kushusha presha haraka. Ubongo uliokosa damu upande mmoja unategemea presha ile ile kupata damu iliyobaki, ukiiangusha ghafla unaua sehemu ambayo ingepona.

#18 Mtoto wa Kihonda
Hilo la kidonge chini ya ulimi tulilifanya. Sikuwa najua hadi leo.

Asanteni wote. Nimemsomea mama uzi wote jana jioni, posti kwa posti. Kwa Babu wa Pangani alicheka, kwa Msomaji Mkimya akasema "mwambieni huyo kijana arudi." Akataka nimrudie ile ya dereva.

Tumenunua mashine na daftari la mistari. Anapima mwenyewe, anaandika kwa mkono wa kushoto. Leo asubuhi ni 132/82, ile tatu ameigeuza, inatazama upande wa pili. Nikamwambia mama namba nzuri hii. Akanitazama, akafungua pakiti, akameza.

#19 Babu wa Pangani
Kijana wangu amekuja na mashine. 176/98. Mara ya pili 174/98. Dada muuguzi, kliniki zenu ni siku zipi?